Wamehesabu balbu, je, jikoni waliingia?

Swali la kumi na saba lilimtaka mama aseme iwapo maisha yake yalikuwa yamebadilika "sana", "kiasi" ama "hata kidogo" tangu stima ya mto ifike nyumbani. Kijana aliyeshika karatasi alikuwa mtu wa adabu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanywa chai na kukubali kikombe cha pili. Mama alimtazama, akaitazama kalamu iliyokuwa ikingoja, kisha akasema: "Andika sana, kijana wangu." Kijana akatia alama, akaruka swali la kumi na nane kwa kuwa lilikuwa la wale waliojibu "hata kidogo", na baada ya dakika chache akashukuru na kwenda kwa jirani.

Nilimuuliza mama mbona akajibu hivyo, ilhali usiku uliotangulia alikuwa amenilalamikia kuhusu stima hiyo hiyo tangu tulipoketi kula hadi tulipokwenda kulala. Akanishangaa.

"Mgeni ametoka mbali, amekanyaga matope, amekunywa chai yangu. Ulitaka nimwambie amepoteza safari? Na tukisema vibaya, mwanangu, watatuletea kingine?"

Basi jibu hilo la heshima likaingia kwenye karatasi, karatasi ikaingia kwenye hesabu, na hesabu ikawa asilimia fulani ya wanakijiji ambao maisha yao yameboreka sana. Mpenzi msomaji, ripoti za aina hiyo huletwa kwenye meza yangu ofisini mara kwa mara, zikiwa na picha ya mtoto akisoma kando ya taa. Tangu siku ile kila nikiona asilimia hujiuliza ni nani aliyepika chai.

Hebu nieleze mradi wenyewe. Kwetu ni kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali ambapo vijito havikosi na mahali ambapo kwa miaka mingi nyaya za stima zilipita juu ya vichwa vyetu zikielekea kwingine. Wafadhili walileta mtambo na fundi. Wanakijiji walitoa mikono. Mfereji ulichimbwa kuchepua maji kutoka kijitoni, maji yakatiwa kwenye bomba linaloteremka bondeni, na nguvu ya maji hayo yakizungusha gurudumu ndiyo inayotoa stima. Nguzo ni miti ya mikaratusi kutoka shamba la mmoja wetu. Akina mama, wangu akiwa mmojawao, ndio waliobeba mchanga na kokoto kwa migongo kutoka barabarani hadi mtoni, kwa kuwa lori halingeweza kufika kule chini. Kila nyumba ilipewa hisa kulingana na siku ilizofanya kazi, na hisa hizo zikaandikwa kwa jina la mwenye nyumba.

Mwenye nyumba, kwetu, alikuwa baba.

Stima ilipofika kila nyumba ilitengewa balbu mbili na mahali pa kuchaji simu na kuwasha redio. Baba, Mungu amrehemu, aliamua balbu moja ikae sebuleni na nyingine nje, juu ya mlango. Hakuna aliyeona ajabu. Jikoni kwetu ni nyumba nyingine kabisa, hatua ishirini kutoka sebuleni, ya mbao na masizi, na huko mama aliendelea kupika kwa koroboi. Miaka yote hiyo aliandaa chakula gizani na kukileta mahali penye mwanga ili kiliwe. Ripoti ya kwanza ya mradi, ambayo nakala yake iko kwa mwenyekiti wa kamati, inasema kwamba nyumba zilizounganishwa zimeacha kutumia mafuta ya taa. Waliofanya uchunguzi waliketi sebuleni, na sebuleni ni kweli hapakuwa na koroboi.

Sitaki nieleweke vibaya. Miradi hii midogo ya maji, jua na upepo inayomilikiwa na wanakijiji ni kitu ninachokipenda, na nimetembea kwenda kuiona zaidi ya kazi ilivyonidai. Lakini tunaipima kwa vitu vilivyo rahisi kuhesabika: kilowati, balbu, tani za moshi ambazo hazikupanda angani, na ile hesabu ya "walionufaika" ambayo hupatikana kwa kuchukua idadi ya nyumba na kuizidisha mara watu watano ama sita. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba wastani wa watu katika nyumba moja nchini Kenya ni 3.9. Kwa mama, siku kijana alipofika, waliokuwa wakilala humo ni yeye na mjukuu mmoja. Sijui hao wengine wanne waliopewa taa kwa jina letu wanaishi wapi.

Kilowati nazo zinaweza kukudanganya pande zote mbili. Chukua Kathamba, kule Kirinyaga, ambako mwaka wa 2001 mtambo wa kilowati 1.1 ulijengwa kuangazia nyumba 65. Ukigawanya utapata kama wati 17 kwa kila nyumba. Wati 17 haziwezi kupasha pasi moto, sembuse kuchomelea vyuma. Mtu wa Nairobi akisikia hivyo atacheka. Lakini kwa mtu ambaye mwanga wake wa jana ulikuwa utambi ndani ya mkebe, wati 17 ni nyumba nyingine. Kwa upande wa pili kuna Mbuiru, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Tharaka Nithi, ambako mtambo wa Tungu-Kabiri wa kilowati 18 ulijengwa kwa nguvu za wanakijiji walionunua hisa. Huko stima haikukusudiwa kwanza kwa kila nyumba, ila kwa kazi za biashara ndogo ndogo. Sasa mpelekee mtu wa Mbuiru karatasi inayouliza "una balbu ngapi nyumbani?" Mradi utaonekana umeanguka. Wapelekee wa Kathamba karatasi inayouliza "umeanzisha biashara gani?" nao pia wataonekana wameanguka. Kila mradi ulikuwa na ahadi yake, na anayepima hana budi kuanza kwa kujua ahadi hiyo ilikuwa ipi na nani aliahidiwa.

Wapo wasomi waliokwenda mbali zaidi ya balbu, na waliyoyakuta hayapendezi kusikika katika sherehe za kufungua mradi. Mwaka wa 2007 Mmarekani aitwaye Arne Jacobson alichapisha utafiti wake kuhusu paneli za sola ambazo familia za mashambani nchini Kenya zilikuwa zikijinunulia. Alikuta kwamba faida kubwa iliwaendea wenye uwezo wa wastani, si maskini. Akakuta kwamba kazi za kuleta pesa na masomo ya watoto zilipata sehemu ndogo tu, na mara nyingi televisheni, redio na simu zilitangulizwa. Mimi sikushangaa. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye betri moja anajua kwamba kukiwa na taarifa ya habari na mtihani wa hesabu kwa wakati mmoja, mwenye nyumba ndiye anayeamua betri itumike kwa lipi. Stima huingia katika nyumba ambayo tayari ina wakubwa na wadogo wake.

Wengine watatu, Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, walifanya jambo ambalo ni adimu: walichagua vijiji 150 huko Busia na Siaya na kuwapa watu, kwa njia ya bahati nasibu, nafasi ya kuunganishiwa stima ya gridi ya taifa kwa bei tofauti. Wengine bei ilikuwa ile ya kawaida wakati huo ya Sh35,000, wengine walipunguziwa hadi Sh15,000, wengine walipewa bure. Bure, karibu wote walikubali. Kwa Sh15,000, hata robo haikufika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yalisema kwamba waliounganishwa, baada ya muda, hawakuwa wamewapita wenzao kwa kiasi cha kutajika katika mapato, afya wala masomo. Hiyo ilikuwa stima ya kampuni, si ya mto wa kijiji, lakini somo ni moja. Nimewasikia watu wakiutaja utafiti huo kama ushahidi kwamba stima haina faida kwa maskini. Mimi naona umesema kitu kingine. Ukimpa mtu waya na usimpe cherehani, wala friji, wala barabara ya kupeleka maziwa sokoni, atawasha taa, atachaji simu, na mapato yake yatabaki pale yalipokuwa. Waya peke yake ni waya.

Kilichonipendeza katika utafiti huo ni kwamba walikuwa na watu wa kuwalinganisha nao. Huko ndiko ripoti nyingi zinakoanguka. Kwetu, katika miaka ile ile mtambo ulipoanza kufanya kazi, barabara ililainishwa, simu za mkono zikaingia kila nyumba, na shule yetu ya msingi ikapata mwalimu mkuu mpya ambaye hakuwa na mchezo. Alama za watoto zilipanda. Mradi ukasema: mnaona kazi ya taa! Yule mwalimu mkuu, aliyekuwa akiwangoja wachelewaji langoni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hakuulizwa maoni yake.

Kitonyoni, katika Kaunti ya Makueni, walijaribu kuikwepa hila hiyo. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza pamoja na wenyeji waliweka mtambo wa sola wa kilowati 13.5 katika kituo cha biashara. Paneli zenyewe zikawa paa, na maji ya mvua yanayoteremka juu yake yakavunwa na chama cha ushirika kikayauza. Kwa yeyote anayeijua Ukambani, msomaji, hapo ndipo penye akili. Pamoja na Kitonyoni, watafiti walikichunguza kijiji kingine, Mwania, ambacho hakikupewa mtambo, ili mabadiliko ya huku yalinganishwe na ya kule. Kama biashara zingeongezeka pote pawili, basi mtambo usingeweza kujitwalia sifa. Lakini hata hapo stima ilikuwa kituoni, ilhali wengi wanaishi mashambani. Faida yao ni ya kuzunguka: kunyolewa jioni, kuchaji simu karibu, duka linalofungwa saa mbili badala ya magharibi. Ni faida halisi, ila haina mita.

Nirudi kwa mama, kwa sababu kuna jambo ambalo hakuna karatasi iliyowahi kuliuliza.

Baba alipofariki, mama alitaka kitu kimoja: ile balbu ya sebuleni ihamishwe ipelekwe jikoni. Waya wa hatua ishirini. Alikwenda kwa kamati, na kamati ikamwambia kwa upole kwamba mabadiliko ya nyaya hufanywa kwa sahihi ya mwenye hisa. Mwenye hisa alikuwa kaburini. Baba mdogo naye alikuwa tayari amejitokeza, akisema kwamba hisa za marehemu ni mali ya ukoo na kwamba yeye yuko radhi kuzishika "kwa niaba ya watoto". Watoto wenyewe wana umri wa zaidi ya miaka thelathini, na mmoja wao anaandika magazetini. Ilichukua barua ya chifu, vikao viwili chini ya mti na miezi kadhaa kabla ya kamati kukubali kwamba aliyebeba kokoto kwa mgongo wake anaweza kuandikwa kwenye daftari kuwa na haki juu ya kile alichokijenga. Muda wote huo, kwa mujibu wa ripoti, mama alikuwa "mnufaika".

Naambiwa hayo ni mambo ya familia na hayahusiani na nishati. Nakataa. Mradi uliokuja kijijini na sheria zake uliamua, pengine bila kufikiri, kwamba umiliki uandikwe jina moja kwa kila nyumba. Uamuzi huo una nguvu ya kuathiri maisha kuliko idadi ya balbu, na ungeweza kupimwa kwa swali jepesi kabisa: hisa ziko kwa majina ya nani, na kati ya hao wanawake ni wangapi?

Vilevile tusijidanganye kuhusu jikoni. Hata sasa ambapo balbu iko huko, moshi haukuondoka. Stima ya kijito chetu haiwezi kupika hata yai. Sensa hiyo ya 2019 ilikuta kwamba zaidi ya nusu ya nyumba nchini, asilimia 55.1, zilikuwa zikitegemea kuni kupikia. Mradi wa taa ukidai umemwokoa mama na moshi, basi unazungumzia moshi wa koroboi, ambao ni mdogo ukilinganishwa na ule wa mafiga matatu. Mama sasa anauona moshi vizuri zaidi, ndivyo asemavyo mwenyewe, na hapo hucheka hadi akakohoa.

Je, basi amepata nini? Nilimuuliza jioni moja tukichambua maharagwe, bila karatasi. Hakusema masomo wala biashara. Alisema kwamba tangu baba aondoke, taa ya nje humwezesha kumwona anayebisha kabla hajafungua. Mjane anayeishi mbali na barabara anajua uzito wa jambo hilo. Kisha akasema simu. Zamani aliipeleka sokoni kwa mtu wa bodaboda ikachajiwe kwa shilingi ishirini, na mara nyingine ikalala huko, nami Nairobi nikipiga bila kupata jibu hadi moyo unidunde. Hayo mawili ndiyo aliyoyataja. Swali la usalama usiku halikuwa miongoni mwa yale maswali ya kijana wetu. La simu lilikuwepo, lakini lilitaka kujua tu kama anayo.

Halafu kuna suala la wakati. Uchunguzi wote ninaoufahamu wa mradi wetu ulifanywa wakati mtambo ungali mpya. Hakuna aliyefika ule msimu wa kiangazi ambapo watu wa juu walichepua maji kunyunyizia mboga zao na kijito kikabaki cha kulowesha miguu. Hakuna aliyefika beringi ilipokufa, mtambo ukasimama kwa miezi, na koroboi zikatolewa tena darini. Siku hiyo ndiyo ya kupima mradi wa jamii. Je, kuna akiba ya kununua kipuri? Kuna kijana wa hapa anayejua kukifunga, ama ni lazima fundi atoke mjini? Watu watachangishana, au kila mmoja atanunua kijipaneli chake na kuusahau mtambo? Kwetu walichangishana, kwa shida na kwa matusi kiasi, na kijana mmoja aliyekuwa akitazama tu fundi akifanya kazi ndiye sasa anayeufungua mtambo na kuufunga. Ujuzi wake hauko katika ripoti yoyote kwa sababu ulikuja baada ya faili kufungwa.

Sasa nguzo za kampuni zimefika hadi dukani, na tangu mwaka wa 2015 ada ya kuunganishwa ilipoteremshwa hadi Sh15,000 wapo walioondoka kwenye stima ya mto. Kamati inapaswa kuamua iwapo itaomba pesa tena kwa ajili ya bomba, ambalo limeanza kuvuja, ama mtambo uachwe ujifie. Wafadhili wameahidi kumtuma mtu mwingine mwenye karatasi.

Akija, ningependa aanzie kwa mweka hazina. Ni mama wa makamo aliyeishia darasa la saba, aliyechaguliwa baada ya wanaume wawili kushindwa kueleza pesa zilikokwenda. Ana daftari la kurasa mia mbili, limefunikwa kwa gazeti, na humo ameandika kila mwezi nani amelipa, nani hajalipa na kwa nini. "Amefiwa." "Ada ya kidato cha kwanza." "Amehamia ya kampuni." "Anasema taa yake ni hafifu, aangaliwe." Jina la baba limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake limeandikwa la mama kwa kalamu ya bluu. Katika miezi ile ambayo beringi ilikuwa imekufa, ukurasa ungekuwa mtupu, lakini si mtupu: majina kumi na moja yamelipa hivyo hivyo, bila taa. Nilimuuliza ni kwa nini walilipia giza. Akasema niwaulize wenyewe, yeye kazi yake ni kuandika.